HISANI YA TAJIRI SI SHERIA YA BAHARI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)

Ndugu wanachama, mabaharia na wafanyakazi wa bandari,

Siku hizi makampuni ya meli hutoa vitabu vizuri kila mwaka, vyenye picha za miti waliyoipanda na shule walizozipaka rangi. Wasema huo ndio wajibu wao kwa jamii. Sisi hatukatai, mtoto akipata dawati twashukuru. Lakini hisani yategemea moyo wa mtoaji, naye aweza kuikatiza kesho. Haki ni jambo jingine: imeandikwa, na asiyeitimiza hushtakiwa. Basi twauliza: baharia akiachwa melini bila chakula wala mshahara, ni nani atakayemlipa?

Tazameni habari ya meli iliyoitwa Rhosus. Mwaka 2013 ilitoka Batumi, nchi ya Georgia, kwenda Msumbiji, ikichukua tani 2,750 za amoniamu naitreti, dawa itumiwayo kutengeneza mbolea na baruti. Bendera yake ilikuwa ya Moldova. Mwezi wa Novemba ikaingia Beirut, Lebanon, ikazuiwa isiondoke. Mwenye meli akaitupa. Nahodha na mabaharia watatu wakakaa melini miezi mingi kama wafungwa, mpaka walipoachiliwa mwaka 2014. Shehena ikatiwa ghalani bandarini. Tarehe 4 Agosti 2020 ikalipuka, na watu zaidi ya 200 wakafa, wakiwamo wafanyakazi wa bandari kama sisi. Basi kuli asiseme mambo ya mabaharia hayamhusu.

Shina la ubaya huu ni bendera. Tajiri yuko nchi moja, bendera ni ya nchi ya pili, mabaharia ni wa nchi ya tatu. Panama, Liberia na Visiwa vya Marshall zina meli nyingi sana ambazo matajiri wake hawakai huko. Tajiri mbaya huchagua bendera isiyomsumbua. Kwa hiyo ITF, shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa usafirishaji duniani lililoundwa mwaka 1896, lilianza mwaka 1948 kupigana na bendera hizi za kukodi, mabaharia na makuli pamoja.

Matunda yameonekana. Mkataba wa Kazi za Mabaharia uliotungwa mwaka 2006 na Shirika la Kazi Duniani ulianza kutumika mwaka 2013, na Kenya iliukubali mwaka 2014. Serikali ya bandari yaweza kukagua meli ya kigeni na kuizuia, hata kama nchi ya bendera yake haikuukubali. Tena tangu Januari 2017 mwenye meli hana budi kuwa na bima au dhamana. Akiwatupa mabaharia, hata kwa kuacha kuwalipa miezi miwili, bima hiyo itatoa chakula, maji, matibabu, nauli ya kurudi kwao, na mishahara wanayodai isiyozidi miezi minne. Wale wa Rhosus hawakuipata kinga hii.

Ndugu, shikeni mambo manne.

Kwanza, wakala wa kuandika mabaharia haruhusiwi kutoza pesa ili akupe kazi. Gharama yako ni pasipoti, kitabu cha ubaharia na cheti cha daktari. Anayetaka zaidi, mleteni kwa chama.

Pili, ukipanda meli tafuta cheti cha bima. Lazima kibandikwe mahali ambapo mabaharia wote watakiona. Kisipokuwapo, uliza.

Tatu, msingoje. Mtu husema, "Tajiri ameahidi mwezi ujao," na mwezi wa sita umefika. Bima haipiti miezi minne. Miwili iliyobaki utaidai wapi? Mwezi wa pili ukipita bila mshahara, andikeni kwa chama.

Nne, ninyi makuli, mkiona mabaharia wanaomba maji au chakula gatini, msipite. Tuambieni siku ile ile, nasi tutampasha habari mkaguzi wa ITF na serikali.

Sheria isiyo na watu wa kuilinda ni karatasi tu. Tajiri akitaka kupaka shule rangi, na apake. Lakini kwanza alipe mishahara, kwa maana mshahara si sadaka.

Umoja ni nguvu.