NENO "KALI" NA KAZI ZAKE

(Mazungumzo yaliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Uru)



Nimeombwa nizungumze kidogo juu ya lugha. Nimechagua neno moja tu, ambalo bila shaka wengi wetu tumekwisha kulitumia tangu asubuhi: kali.

Kisu kikali hukata, na upande wake unaokata tunauita makali. Limau ni kali, pilipili ni kali, tumbaku ni kali, wala hakuna anayechanganya ukali huo na uchungu wa mwarobaini. Jua la Moshi mjini mwezi wa Februari ni kali. Baridi ya huku juu mwezi wa Julai nayo ni kali, ingawa hayo mawili ni kinyume kabisa. Mbege ikilala siku moja zaidi huwa kali, na kwa hilo wazee wa Uru hawahitaji kamusi. Wenzetu wa Kenya, kwa kuwaona mafundi wakifanya kazi nje bila paa, waliwaita jua kali, na jina likashika. Vijana husema wimbo mkali, yaani mzuri sana. Wazee msikunje uso. Lugha hai ndivyo ilivyo. Ila wanaoandika "mbwa kali" getini hao siwatetei: mbwa ni kiumbe, basi ni mkali.

Sasa nije kwenye kazi yangu. Sisi watumishi wa Serikali tunalipenda mno neno hili. "Hatua kali zitachukuliwa." Nimeisoma sentensi hiyo katika barua nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Hatua gani? Adhabu za kazini zina majina yake: onyo, karipio, kuzuiwa nyongeza ya mshahara, kushushwa cheo, kufukuzwa kazi. Anayetaja mojawapo anaeleweka. Anayesema "kali" anatisha tu, na akirudia mara tatu hata hatishi. Kwa kuandikwa kila siku, neno hili limekuwa butu.

Lakini panaponihangaisha zaidi ni hapa shuleni. Mzazi husema, "Mpelekeni kule, kuna mwalimu mkali," naye anasifu. Mwanafunzi husema, "Yule ni mkali," naye analalamika. Huenda wanamsema mtu mmoja. Je, ni yule anayesahihisha kila daftari na kulirudisha lenye uzembe? Au ni yule anayepiga ovyo? Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini ya maandishi, na viandikwe kitabuni. Anayevuka hapo si mkali, ni mkatili, na Kiswahili kimetupatia neno hilo makusudi. Tukiwaita wote wawili "wakali", yule wa kwanza anavunjiwa heshima na yule wa pili anapata pa kujificha.

Kwa hiyo, wanafunzi, mkiulizwa na wazazi likizoni, msiishie kusema mwalimu fulani ni mkali. Semeni anafanya nini. Nanyi wazazi, mkiambiwa ni mkali, ulizeni: mkali vipi?

Ndugu Mwenyekiti, naomba niishie hapo tupate nafasi ya maswali.