Kumjaribu Mungu kwa Jina la Imani
Jumapili ya Kwanza ya Kwaresima



Katika Injili ya leo tumemsikia Shetani akimshawishi Bwana wetu ajirushe kutoka juu ya Hekalu ili malaika wamdake. Yesu alimtegemea Baba kwa moyo wote, lakini alikataa kudai mwujiza pale ambapo ngazi ya kushukia ilikuwapo. Tuitafakari leo tofauti hiyo, kati ya kumtumaini Mungu na kumjaribu, tukivitazama vijiji vya India.

Huko wakulima wengi huenda shambani pekupeku, na wengi hulala sakafuni. Wataalamu wamekadiria kwamba kati ya mwaka 2000 na 2019 watu wapatao milioni 1.2 walikufa nchini humo kwa kuumwa na nyoka, yaani kama 58,000 kila mwaka, wengi wao vijijini. Zaidi ya robo walikuwa watoto wasiotimiza miaka 15. Dawa ipo: farasi hudungwa sumu kidogo kidogo, damu yake hutengeneza kinga, na kinga hiyo husafishwa ili apewe mgonjwa. Lakini yafaa itolewe mapema. Hospitali mara nyingi ni mbali. Tena familia nyingi humpeleka majeruhi kwanza kwa mganga, anayemsomea maneno matakatifu na kumfunga uzi, huku saa zikipita.

Tusiwacheke. Mganga huyo huonekana kuponya, kwa sababu nyoka wengi hawana sumu, na hata wenye sumu mara nyingine huuma bila kuitia. Habari za aliyepona huenea kijiji kizima. Aliyekufa husemwa kwamba siku zake zilitimia. Hivyo ushirikina hauna siku ya kushindwa.

Katika jimbo la Maharashtra, daktari Narendra Dabholkar alianzisha mwaka 1989 chama cha kupiga vita ushirikina. Walikwenda vijijini wakionyesha hadharani jinsi walaghai wanavyotenda "miujiza" yao. Hakumpinga mtu kwa kusali. Aliwapinga wanaowanyonya maskini kwa jina la Mungu. Kwa miaka mingi alidai itungwe sheria. Tarehe 20 Agosti 2013, akiwa katika matembezi ya asubuhi mjini Pune, alipigwa risasi akafa. Mwaka uo huo sheria ikapitishwa. Pamoja na mengine, yakataza kumzuia aliyeumwa na nyoka asitibiwe, na kumfanyia mazinguo badala yake. Mwaka 2024 mahakama iliwahukumu watu wawili kifungo cha maisha kwa mauaji hayo.

Wala sisi Wakatoliki tusijione wasafi. Mwaka 2012, mjini Mumbai, maji yalidondoka kutoka miguuni pa sanamu ya Yesu msalabani, na watu wakayakusanya kama maji ya baraka. Mtafiti mmoja alieleza kwamba yalitoka katika mfereji ulioziba, yakapanda kupitia ukutani. Baadhi ya waamini wakamshtaki kwa kuikashifu dini. Je, Mungu aliyeumba maji na kanuni zake huvunjiwa heshima tukizifahamu kanuni hizo? Imani inayoogopa kuulizwa imekwisha kukiri kwamba haijiamini.

Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, chatufundisha kumheshimu tabibu, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemweka, na kutozidharau dawa zitokazo ardhini. Dawa ndiyo ngazi ya Hekalu. Anayeiacha akisema kwamba anamngoja Mungu, amekwisha kujirusha. Na anayemshauri mwenzake aiache, amemsukuma.

Makatekista wapendwa, mgonjwa akiletwa kwetu kuombewa, tumwombee tukiwa njiani pamoja naye kwenda hospitali. Sala haicheleweshwi na mwendo, bali sumu haingoji sala iishe.

Ee Mungu, asili ya ukweli wote, utujalie imani isiyoogopa mwanga, wala kumwacha mgonjwa gizani. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.