Grisi ya Jointi ya CV: Usinunue kwa Rangi ya Kopo

Ndugu wanunuzi, madereva na mafundi wa Tunduma,

Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya grisi, hasa ile iwekwayo ndani ya jointi ya CV, yaani kiungo kinachopeleka nguvu ya injini hadi kwenye gurudumu huku gurudumu hilo likikata kona na kupanda na kushuka mashimoni. Wapo watakaosema kwamba jambo lenyewe ni dogo. Nasi tungesema hivyo, kama si milima. Jointi ikikatika katika mteremko wa Senjele, gari linaloendeshwa na magurudumu ya mbele hupoteza nguvu papo hapo, na msaada wa injini katika kupunguza mwendo hupotea pamoja nayo. Dereva wa gari la otomatiki akiweka gia ya P akidhani amelisimamisha, gari laweza kuendelea kuteremka, kwa sababu difu huuacha upande uliokatika ujizungukie bure, na gurudumu lililo zima halizuiliwi tena. Hapo kilichobaki ni breki za miguu na ya mkono. Kwa hiyo tusilipime kopo la grisi kwa bei yake.

Tazameni jointi hii iliyo mezani. Ndani yake mna gololi sita zilizoshikwa na kizimba cha chuma, nazo hutembea katika mifereji. Gari likienda moja kwa moja, kazi yake ni nyepesi. Likikata kona kali, gololi husukumwa huku na huko kwa kila mzunguko. Hubingirika na kukwaruza kwa wakati mmoja, zikibeba uzito mwingi mahali padogo sana. Grisi ya kawaida, ile ya kupaka kwenye nipeli za chesisi, hukamuliwa ikatoka mahali hapo, na chuma kikakutana na chuma. Ndiyo sababu grisi ya jointi ya nje hutiwa unga wa molibdenamu, ambao mafundi huuita moli, kwa kawaida kati ya asilimia 3 na 5. Chembe zake ni bapa, nazo huteleza moja juu ya nyingine kama karata, hata pale mafuta yalipokwisha kusukumwa pembeni.

Moli huifanya grisi iwe nyeusi au ya kijivu. Lakini weusi si ushahidi. Grafaiti nayo ni nyeusi, na masizi pia ni meusi. Bluu na nyekundu ni rangi tu za kutia. Anayewauzia kwa kusema “hii nyeusi ndiyo yenyewe” hajawaambia kitu.

Kuna kopo jingine hapa ambalo limechorwa gari la mashindano likirusha vumbi. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na tangu wakati huo watu wa Afrika Mashariki wameamini kwamba kilichoifaa rali kitaifaa barabara ya Kamsamba. Imani hiyo ina ukweli nusu. Gari la mashindano ya nje ya lami hupandishwa juu, shafti zake hukaa kwa pembe kubwa, na pembe ikizidi, joto la jointi huzidi. Kwa hiyo grisi yake lazima istahimili joto na mgandamizo. Lakini timu ya mashindano hufungua jointi mara kwa mara, huziosha na kuzijaza upya. Ninyi mnataka grisi itakayokaa humo miaka kadhaa bila kuguswa. Picha ya gari la rali si kipimo cha lolote, nasi hatuoni kwa nini mlipe zaidi kwa ajili ya mchoro.

Fundisho la rali lililo na manufaa kwenu ni la ile pembe. Wengi katika mkoa huu huinua Noah na IST kwa spesa ili zipite kwenye barabara za Ileje na za machimbo ya Wilaya ya Songwe. Aliyeinua gari lake ameziongezea jointi zake kazi kila siku, hata akiwa kwenye lami. Huyo ndiye hasa asiyepaswa kuridhika na grisi ya chesisi.

Basi msome nini kwenye kopo? Kwanza maneno yanayosema kwamba grisi ni ya jointi za CV, au alama ya MoS2, ambayo ndiyo moli. Pili, namba ya NLGI. Namba hii huonyesha ugumu wa grisi, wala si ubora wake. Namba 2 hutumika sana, na yafaa baridi ya asubuhi ya Mbozi pamoja na joto la bonde la Rukwa. Baadhi ya watengenezaji hutaka namba 1. Tatu, aina ya kigandishi chake, kiwe sabuni au kisiwe: lithiamu, lithiamu kompleksi, kalsiamu, poliurea, au udongo wa bentonaiti. Watu hulipita neno hili bila kulisoma, nalo ndilo linaloharibu jointi nyingi baada ya matengenezo. Grisi ya lithiamu ikichanganywa na ya bentonaiti, au na baadhi ya zile za poliurea, hulainika ikawa kama uji, ikavuja. Kila moja peke yake ilikuwa njema. Fundi asiyeosha jointi mpaka chuma kikawa kikavu kabla ya kutia grisi mpya anawabahatishia.

Jointi ya ndani, iliyo karibu na giaboksi, mara nyingi huwa na beringi za sindano badala ya gololi, na watengenezaji wengine huitakia grisi tofauti. Mpira mpya wa jointi ukija na pakiti yake, tumieni pakiti hiyo yote na mahali pake palepale. Kujaza kupita kiasi hakuongezi usalama. Grisi hupata joto, ikautunisha mpira hadi ukapasuka. Na mpira ukishapasuka, vumbi likaingia, hakuna grisi duniani itakayoiokoa jointi. Uchunguzeni kila mnapobadilisha oili.

Sasa tuje kwenye grisi ya kupima, ichotwayo ndooni na kutiwa katika chombo kisicho na jina. Ni nafuu, twakiri. Lakini haina mtengenezaji, haina namba ya toleo, na ndoo iliyo wazi kando ya barabara ya malori hupokea mchanga siku nzima. Iliyopita katika kituo cha pamoja cha mpakani na Nakonde huja na nyaraka. Iliyopita njia ya panya, hata ikiwa na kopo zuri, haina mtu wa kuulizwa.

Mnaponunua, mtajieni muuzaji kazi yenyewe: “Nataka grisi ya jointi ya nje ya gurudumu la mbele.” Si adabu tu. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, mnunuzi aliyeeleza matumizi na kuutegemea ujuzi wa muuzaji wa bidhaa za aina hiyo ana nguvu ya kudai kwamba bidhaa ilipaswa kuyafaa matumizi hayo. Ombeni maneno hayo yaandikwe kwenye risiti, na mlihifadhi kopo pamoja na masalio ya grisi. Bila hivyo madai hayana mguu. Kopo bandia lipelekeni Tume ya Ushindani, lenye shaka ya ubora lipelekeni Shirika la Viwango, na lenye uzito pungufu lipelekeni Wakala wa Vipimo.

Hapa tuna makopo matatu na mzani. Tuanze na hili la rali. Nani atalisoma kwa sauti?