Msitu wa Matogoro na Chemchemi ya Ruvuma

Leo twapenda mtufuate kwa masikio mpaka mahali ambapo wengi wenu hupaona kila siku wasipate kupakanyaga, napo ni milima ya Matogoro, mashariki ya mji wa Songea. Watoto wa shule hujifunza kwamba mto Ruvuma hutoka Matogoro. Hulikariri jina hilo, hulichora katika ramani, nao hupewa alama zao. Lakini ni wachache waliokwenda kuuona mto huo ungali mtoto. Na wakubwa wengi, ukiwauliza kuna nini kule juu, hujibu: "Pori tupu." Jibu hilo ndilo lililotufunga safari.

Tulikwenda mwisho wa mwezi wa Oktoba, wakati ambapo jua ni kali na mvua haijaja. Tuliuchagua wakati huo makusudi, kwa kuwa chemchemi hujulikana ukweli wake siku za kiangazi. Mwezi wa Februari kila korongo hujidai kuwa mto. Na kwa kuwa msitu ule ni msitu wa akiba, hauingiwi ovyo. Tulikwenda kwanza kwa Bwana Misitu, tukaeleza haja yetu, tukaruhusiwa. Tulikuwa watu wanne: sisi wawili, kijana mmoja mwanafunzi, na mzee mmoja mfuga nyuki aliyekubali kutuongoza. Mzee huyo hasemi sana awapo barabarani, lakini alipoingia chini ya miti ulimi wake ulifunguka.

Jambo la kwanza lililotushangaza ni rangi. Tulitazamia kukuta miti iliyokauka, maana nyasi zote zilikuwa zimenyauka. Kumbe miyombo ilikuwa imekwisha vaa majani mapya, mengine mekundu kama shaba, mengine rangi ya asali, na tone moja la mvua lilikuwa bado kuanguka. Miti hii haingoji mvua. Hutumia maji na akiba iliyojiwekea tangu masika yaliyopita, ili mvua ikifika ikute majani tayari yakifanya kazi. Msitu wa namna hii, wa miti iliyoachana na nyasi chini yake, huenea tangu kwetu, kupita Msumbiji na Zambia na Kongo, hata Angola. Kwa hiyo mtu wa Songea akisimama chini ya mwombo asidhani ya kuwa ana kitu cha kijijini tu.

Mzee alituonyesha mninga, akaukwaruza kidogo gome lake kwa ncha ya kisu. Ukatoka utomvu mwekundu kama damu, hata kijana wetu akarudi nyuma hatua moja. Alituonyesha misuku, ambayo matunda yake hakuna mtoto wa Songea asiyeyajua, na mibula. Kisha akaufukua udongo chini ya mwombo mmoja, akatuonyesha nyuzi nyembamba nyeupe zilizoshikamana na mizizi. Nyuzi hizo ni za uyoga. Wataalamu wameeleza ya kuwa uyoga na mti hufanya biashara: nyuzi huuletea mti maji na chakula cha udongoni, nao mti hulipa kwa sukari itengenezwayo majanini kwa nguvu ya jua. Ndiyo sababu uyoga mwingi tuulao wakati wa masika huota chini ya miyombo, na palipofyekwa miyombo yote uyoga huo hauonekani tena. Mzee hakuyasoma hayo mahali popote. Alisema tu: "Mama yangu alinikataza kukata mti wa uyoga."

Tulipokuwa tukipanda, ndege mmoja mdogo wa rangi ya vumbi alianza kupiga kelele juu yetu, akiruka mti hata mti. Alikuwa mlembe, yule aongozaye watu kwenye asali. Mzee alicheka, akamwambia: "Leo sina shoka, bwana, niwie radhi." Twataka kuwaambia habari moja ya ndege huyu, maana wako watu waliozoea kuzicheka hadithi za wazee. Ng'ambo ya Ruvuma, katika nchi ya Niassa huko Msumbiji, Wayao warina asali humwita mlembe kwa sauti maalumu, mtetemo wa ulimi unaoishia kwa mguno. Mwaka 2016 Claire Spottiswoode na wenziwe walitangaza matokeo ya kuipima sauti ile. Warinaji walipoitoa, nafasi ya kuongozwa na ndege ilipanda kutoka 33 katika mia hata 66. Ndege huyo ni wa porini, hakufugwa na mtu, wala hafungwi kamba; naye huyajua maneno aliyoitiwa.

Kabla hatujafika kileleni tulipita mahali pa huzuni. Moto ulikuwa umepita pale wiki chache nyuma. Ardhi ilikuwa nyeusi, miche yote imeungua, na hata mti mmoja mkubwa uliokuwa na uwazi shinani ulikuwa umelala chini, ungali ukitoa moshi. Mzee akasema moto si mmoja. Moto wa Mei na Juni, nyasi zingali na unyevu, hupita kwa upole, na mti hauudhiki sana. Moto wa Septemba na Oktoba hukuta kila kitu kikavu, majani mapya yanachipua, na nyuki wamo mizingani; huo huua. Miyombo ina moyo mgumu, kisiki chake huchipua tena hata baada ya shoka; lakini chipukizi likiunguzwa kila mwaka, halipati kuwa mti hata siku moja. Hapo mmoja wetu alikiri ya kuwa utotoni mwake yeye na wenzake walikuwa wakichoma pori namna hiyo hiyo, mwezi huo huo, ili wawinde panya. Mzee alimtazama, akauliza walipata panya wangapi. Akajibiwa: saba.

Twajua ya kuwa si moto peke yake. Watu wa Songea na Namtumbo wamelima tumbaku ya moshi kwa miaka mingi. Chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, kiliundwa mwaka 1936 kwa ajili ya zao hilo. Tumbaku ile hukaushwa kwa moto, na moto hula kuni. Fedha ile ilisomesha watoto wengi, nasi hatuwezi kuilaumu kwa wepesi.

Wala tusiisahau deni nyingine ambayo nchi hii inadaiwa na pori. Katika vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hata 1907, Wangoni walipigana na Wadachi, na wenyeji husimulia ya kuwa Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, alijificha katika pango la Chandamali, karibu na mji. Alinyongwa mwaka 1906 pamoja na mashujaa wengine, na makaburi yao yako Songea, penye makumbusho ya Maji Maji. Lakini waliouawa kwa kamba walikuwa wachache kuliko waliouawa kwa njaa. Askari walichoma ghala na mashamba, na watu waliobaki wakakimbilia porini kutafuta matunda na mizizi. Wale waitao mahali hapa pori tupu wangemwuliza bibi wa bibi zao.

Sasa tufike kwenye maji. Tulishuka kidogo upande wa pili, penye kivuli kizito cha mizambarau-mwitu, nayo miti hiyo haikai mbali na maji. Udongo ukawa mweusi na laini, ukibonyea chini ya nyayo. Tulisikiliza, hatukusikia kitu. Mzee akainama, akaondoa majani makavu kwa mkono wake, na pale chini palikuwa na maji, meupe, baridi, yakitoka polepole kati ya mawe mawili. Kijana wetu aliuliza: "Na mto uko wapi?" Mzee akamwambia: "Umeuvuka sasa hivi."

Vijito vya namna hii ndivyo vikutanavyo vikawa Ruvuma. Mto huo hufanya jambo la ajabu: kwanza huelekea magharibi, kama mtu asiyejua bahari iko wapi, kisha hugeuka kusini, na ufikapo mpaka wa Msumbiji ndipo hushika njia ya mashariki, ukitenga nchi na nchi, mpaka kuingia katika Bahari ya Hindi kusini ya Mtwara, baada ya mwendo wa kilometa 800 hivi. Katika milima hiyo hiyo hutoka Luegu, ambao maji yake huenda kaskazini kwenye Rufiji, kwenye bwawa la Julius Nyerere lililoanza kutoa umeme mwaka 2024. Na hutoka Luhira, ambao watu wa Songea huunywa katika mabomba yao.

Wengine husema miti hutengeneza maji. Si hivyo, miti nayo hunywa, na mikaratusi ipandwayo penye chemchemi hunywa sana. Kazi ya msitu ni nyingine. Majani yaliyooza na mizizi huufanya udongo uwe kama sifongo: mvua ya Januari huingia chini badala ya kukimbia juu, ikatoka pole pole mpaka Oktoba. Palipoungua na kukanyagwa, maji ya Januari hupita yote Januari, pamoja na udongo.

Njiani kurudi, chini ya mpaka wa msitu wa akiba, tulikuta vinyungu kando ya kijito: matuta ya mahindi mabichi, maharage, na mboga za maboga, yamestawi kweli kweli katikati ya kiangazi. Bibi mmoja alikuwa akipalilia. Tulimwamkia: "Shikamoo, bibi." Akaitikia: "Marahaba, wanangu. Mmekuja kupima?" Tulimwambia hatukuja kupima kitu. Akasema wengine walikuja na kamba.

Bibi huyo anaijua sheria kama sisi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za watu katika mita 60 kutoka penye chanzo au ukingo wa mto. Alitunyoshea jembe kuonyesha mlimani. "Mita sitini kutoka hapa ni pale kwenye mawe. Nimepanda mawe mara ngapi yasiote?" Mboga zile huziuza mjini, na kwa fedha zake wajukuu wawili hupata madaftari. Mzee wetu wa nyuki alimjibu kwa heshima, akimwita dada. Alisema anakumbuka kijito kile kilipofika magotini mwezi huo huo wa Oktoba. Sasa hakifiki kifundoni, na matuta ya juu yamekikata mara nne. Bibi hakubisha. Alisema: "Mimi ni wa tuta moja. Waanze na wa juu."

Wasikilizaji, tulipokuwa tukishuka tulibishana sisi kwa sisi juu ya jambo hilo. Sisi twaona sheria ile ni ya haki, maana anayeishi mjini hawezi kuja kumwomba bibi maji kwa kata. Lakini twaona pia ya kuwa mtu aondolewaye kinyungu pasipo kuonyeshwa mahali pengine atarudi usiku. Mzee alishauri wapewe mizinga, kwa kuwa nyuki hawagombani na chemchemi, na msitu wa akiba huruhusu mizinga kwa kibali. Naye huyo huyo, akiwa mtu wa kweli, akaongeza kwamba iko miaka nyuki hawajazi mzinga hata mmoja, na madaftari hununuliwa kila mwaka.

Bibi alitupa fungu la majani ya maboga, akakataa fedha yetu. Tuliyapika usiku ule mjini kwa maji ya bomba.

Walimu watakao kuwapeleka wanafunzi wao Matogoro na wawape taarifa Bwana Misitu mapema, wachukue mtu mwenyeji wa kuwaongoza, waende asubuhi, wasiwashe moto, na wamwachie kila mtoto ayaguse maji yale kwa mkono wake. Wakienda Oktoba wataona majani mekundu. Wakienda Desemba watapata masuku na uyoga, lakini wajihadhari na mawe yenye utelezi. Wakimkuta bibi yetu wamsalimie.

Kwaherini.