Picha za Nyumbani na za Wenzangu

(Hotuba ya kijana mpiga picha mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi, siku picha zilipotundikwa ghalani. Tunaichapisha kwa ombi la wajumbe waliohudhuria. – Mhariri)

 

Awali ya yote natoa shukrani kwa kupewa nafasi ya kusema mahali hapa, ambapo kwa kawaida husemwa habari za bei, makisio na madeni. Nilipoombwa kuleta picha zangu niliitikia kwa furaha, lakini nilipokaa kuzichagua niliona haya. Zilizo zangu mwenyewe katika kamba hii ni 7 tu. Nyingine 34 ni za marehemu babu yangu, za mama yangu mzazi, za binamu yangu, na za wenzangu watatu ninaofanya nao kazi hii. Naomba basi msinihesabie sifa isiyo yangu. Chini ya kila picha pana jina la aliyeipiga, na habari ya majina ndiyo niliyokuja kuizungumza.

Nianze na zile za karibu na mlango, zenye kingo nyeupe. Babu alikuwa karani wa mizani wa chama chetu katika miaka ya 1960. Alinunua kamera ya boksi kwa mtu aliyekuwa akihama, na kwa kuwa filamu moja ilitoa picha 8 tu, hakupiga ovyo. Alisubiri. Harusi ilipata picha moja, mkutano mkuu wa mwaka picha mbili. Subira hiyo mimi sinayo. Simu ya mkononi imetudekeza. Filamu ilipelekwa mjini kusafishwa, na picha zilipoletwa babu alifanya jambo lililowachekesha watu wa nyumbani: aligeuza kila picha, akaandika nyuma yake kwa penseli majina ya watu wote kuanzia kushoto, na kazi waliyokuwa wakiifanya, na mwezi. Bibi alikuwa akisema kwamba mume wake amewageuza hata watu kuwa magunia, kila mmoja na alama yake.

Tazameni picha ya tano. Watu 11 wamebeba mawe ya msingi wa ghala la chama. Kwa macho ya fundi ni picha mbaya: jua lilikuwa mgongoni mwao, na nyuso nyingi zimo gizani. Sasa wazee wanakumbuka yaliyotokea mwaka 1976, vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa na mali nyingi za ushirika zikaingia mikononi mwa wengine. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama, na ile ya mwaka 1991 ikasisitiza tena uanachama wa hiari. Lakini sheria hairudishi karatasi iliyoliwa na mchwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 chama chetu kilipodai ghala lake kiliulizwa swali jepesi: ni nani aliyelijenga? Hati haikuonekana.

Mimi nilikuwa sijazaliwa. Habari hizi nimezipata kwa mama. Babu aliipeleka picha barazani. Mzee mmoja wa upande wa pili akasema, naye alisema kweli, kwamba mawe ni mawe tu, na mlima huu una mawe mengi. Ndipo picha ikageuzwa. Nyuma palikuwa na majina 11, na wanne kati yao walikuwa hai. Wakaitwa, wakaulizwa mmoja mmoja, na katika masanduku ya nyumbani kwao zikapatikana stakabadhi mbili za michango ya ujenzi. Shauri lilichukua muda mrefu, wala sisemi kwamba picha ndiyo iliyoshinda. Walioshinda ni wale wazee na stakabadhi zao. Ila bila penseli ya babu wasingeitwa, kwa maana katika picha hakuna awezaye kuwatambua.

Picha ya pili ninayotaka muiangalie ni ile ya bibi akichambua kahawa kwenye kitanda cha kuanikia. Aliipiga binamu yangu kwa simu. Naithubutu kuisema kuwa bora kupita zote zilizotundikwa hapa, zangu zikiwamo. Binamu alimtumia rafiki, rafiki akamtumia mwingine, na baada ya mwaka mmoja picha ikaonekana kwenye kalenda ya kampuni moja ambayo sitaitaja. Chini yake paliandikwa maneno matatu: Mkulima wa Kahawa. Binamu hakuulizwa wala hakulipwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 huilinda picha kama inavyolinda kitabu, lakini anayedai hana budi kuonyesha kwamba kazi ni yake, na picha yake ya awali ilikuwa imepotea pamoja na simu. Bibi alipoletewa ile kalenda aliitazama kwa muda mrefu. Habari ya fedha hakuiuliza. Aliuliza kama watu wale hawakulijua jina lake, au walilijua wakaliacha. Hakuna aliyeweza kumjibu.

Baada ya hayo sisi vijana wanne tulikata shauri. Tunamiliki kamera moja kwa shirika, na lenzi mbili. Anayekwenda kazini huandika katika daftari siku na saa, kama mnavyoandikisha mashine ya kunyunyizia dawa. Lakini picha ni ya aliyeipiga, si ya mwenye zamu ya kuitunza kamera wala ya kundi. Ikiuzwa, sehemu ya malipo huingia katika kisanduku cha matengenezo. Na mtu aliyepigwa picha huulizwa kwanza, kisha jina lake huandikwa kama mwenyewe anavyotaka liandikwe.

Hatukubuni jambo jipya. Mwaka 1947 Robert Capa, Henri Cartier-Bresson, George Rodger na David Seymour aliyejulikana kwa jina la Chim, pamoja na wenzao, walianzisha shirika la Magnum Photos. Makatibu watapenda kusikia kwamba shirika hilo, ambalo linaendelea hata leo, ni ushirika: wenye mali ni wapiga picha wenyewe. Desturi iliyoenea siku zile ilikuwa kwamba gazeti linalomtuma mpiga picha ndilo linalokuwa na haki ya kazi yake. Wao waliazimia kwamba haki ibaki kwa aliyeipiga, naye aweze kuiuza tena mahali pengine, na sehemu ya mapato iendeshe ofisi yao. Mkulima aliyewahi kuuliza kahawa yake imeuzwa wapi na kwa shilingi ngapi hahitaji kuelezwa zaidi.

Lakini linalonigusa zaidi ni yaliyofuata. Mei 1954 mwenzao Werner Bischof alikufa katika ajali ya gari kwenye milima ya Peru, na siku chache baadaye Capa akauawa na bomu la ardhini huko Indochina. Mwaka 1956 Chim naye akauawa karibu na Suez. Capa alikuwa na mdogo wake, Cornell, mpiga picha hodari kwa haki yake mwenyewe. Huyu angeweza kuendelea na kazi zake tu. Badala yake alitumia miaka mingi kukusanya na kuonyesha picha za kaka yake na za wale wenzake, akaanzisha mfuko kwa ajili hiyo mwaka 1966, na mwaka 1974 akafungua kituo cha picha mjini New York. Mwaka 2007, mwaka mmoja kabla ya Cornell kufariki, kituo hicho kilipokea visanduku vitatu kutoka Mexico, vyenye negativu zipatazo 4,500 za vita vya Hispania, zilizokuwa zimepotea tangu mwaka 1939. Zilikuwa za Capa, za Chim, na za mwanamke kijana aitwaye Gerda Taro, aliyefia vitani mwaka 1937. Baadhi ya picha za Taro zilikuwa zikihesabiwa kuwa za Capa. Karibu miaka 70 baada ya kufa kwake, negativu zile zilisaidia kumrudishia kilicho chake.

Na karibu zaidi na sisi yuko Priya Ramrakha, mzaliwa wa Nairobi, aliyeuawa akipiga picha za vita vya Biafra mwaka 1968. Kazi zake nyingi zilikaa Nairobi miongo mingi bila kuonekana, hata Shravan Vidyarthi, kijana wa ukoo wake, alipozitafuta, akatengeneza filamu, na mwaka 2018 kikatolewa kitabu cha picha hizo. Tazama jinsi ilivyokuwa: ndugu ndiye aliyezitafuta.

Ndugu Makatibu, najua kwamba katika makabati ya vyama vyenu zimo bahasha za picha ambazo mwakani zitatupwa ili kupata nafasi ya majalada. Nawaomba msizitupe. Chukueni daftari moja, liwekwe karibu na daftari la wanachama, na kila picha ipewe namba. Nyuma ya picha tumieni penseli laini. Kalamu ya wino hupenya, na ukiikandamiza huacha kovu upande wa uso. Msizigandishe kwa gundi, wala msizifunge katika mifuko ya plastiki, kwani unyevu ukiingia hautoki. Negativu ishikwe pembeni tu. Picha za simu ndizo zinazonitia hofu zaidi, kwa sababu hazina mgongo wa kuandikia: ziandikwe daftarini siku ile ile, na nakala iwekwe kwingine kabla simu haijaanguka mtoni kama yangu ilivyoanguka. Lakini yote haya ni kazi bure msipowaita wazee wakae na hizo picha wakiwa bado wanaona. Mama yangu hufanya hivyo Jumapili jioni, kwa kikombe cha chai. Mzee mmoja akikosea jina, mwingine humsahihisha kwa hasira, na hasira hiyo huleta majina mengine matatu.

Sitaendelea zaidi, maana picha zinawasubiri. Ile ya mwisho, karibu na mizani, ni ya babu, nayo ni mojawapo ya chache alizoziacha bila kumaliza. Ameandika jina la kwanza, la pili na la nne. Mtu wa tatu, mwenye kofia na gunia begani, hatumjui. Huenda yumo ndani ya ghala hili mtoto wake au mjukuu wake. Picha ipo mezani, imelazwa kifudifudi, na penseli iko kando yake.