Dira ya Kasa: Mhadhara juu ya Hisi za Wanyama na Mahali Wanapoishi



Katika elimu ya wanyama imekuwa desturi kuanza na yale yanayoonekana, yaani pembe, kucha, rangi ya ngozi na wepesi wa miguu, na kuyaacha nyuma yale yasiyoonekana, ambayo kwa rai yangu ndiyo yenye uzito zaidi. Maana kabla mnyama hajakimbia hana budi kutambua kwamba imempasa kukimbia, na kabla hajasafiri hana budi kujua aendako. Jioni hii nimekusudia kuzungumza juu ya maarifa hayo ya ndani, na ili nisitawanyike katika maneno ya jumla nitamshika mnyama mmoja, jirani yetu wa tangu na tangu katika pwani hii, naye ni kasa; na miongoni mwa jamaa zake, wakiwamo ng'amba, duvi na noa, nitamfuata hasa yule ambaye wavuvi humwita kasa uziwa, alaye nyasi za baharini.

Jike hupanda ufuoni usiku, akachimba shimo kwa mapezi yake ya nyuma, akataga mayai 100 na zaidi, akayafukia na kurudi majini, wala hatawaona watoto watakaotoka humo. Watu wengi waliomwona akitaga husimulia kwamba alikuwa akilia. Na kweli maji humtiririka machoni, lakini ni chumvi ya bahari anayoitoa kwa tezi zilizo karibu na macho, kwa kuwa figo zake haziwezi kuimaliza. Tangu saa ile, watoto hawana mama wa kuwafundisha wala mkubwa wa kuwatangulia. Yote watakayohitaji kuyajua, ama wamezaliwa nayo, ama watayapata njiani kwa hisi zao wenyewe.

Baada ya miezi miwili hivi huanguliwa chini ya mchanga, wakapanda kwa pamoja, mmoja akimsukuma mwenziwe. Na wanapokaribia juu, wakiukuta mchanga una moto hutulia pale pale, kwa sababu mchanga wa moto ni dalili ya mchana, na mchana ni wakati wa kunguru na jua kali. Hungoja mpaka upoe, kisha hutoka kwa mkupuo mmoja gizani. Bahari hawajaiona kamwe, nao hawaitafuti kwa sauti ya mawimbi kama mtu awezavyo kudhani, bali hufuata kanuni nyepesi mno: hukipa mgongo kilicho cheusi na kirefu, wakaelekea upeo wa chini wenye mwanga. Katika ufuo ulioachwa kama ulivyoumbwa kanuni hiyo haikosi, kwa kuwa nyuma yao husimama weusi wa mikadi na mivinje, na mbele yao maji hurudisha nuru ya mbingu, ijapokuwa mwezi haupo. Wakiisha kuingia majini huiacha kanuni ya mwanga na kushika nyingine, wakaogelea kuyakabili mawimbi, ambayo karibu na nchi kavu aghalabu hutoka baharini. Na mawimbi nayo yakiwa hayana tena msaada, huko kwenye kina, huja hisi ya tatu, ambayo sisi wanadamu hatuna habari nayo katika miili yetu.

Mwaka 1991 mtaalamu wa Marekani, Kenneth Lohmann, alidhihirisha kwamba watoto wa kasa duvi, wakitiwa katika birika lenye giza tupu, bado hushika upande mmoja. Na uga wa sumaku uliozunguka birika ulipogeuzwa kwa nyaya za umeme, nao waligeuka. Hiyo ilikuwa dira tu, yaani kujua kaskazini ni wapi. Lakini dira peke yake haimwambii msafiri yuko wapi. Jambo lililowastaajabisha wataalamu lilikuja baadaye, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004: kasa uziwa wachanga waliovuliwa Florida walitiwa katika uga wa sumaku uliofanana na ule wa mahali palipo takriban kilomita 340 kaskazini ya kwao, wakaogelea kuelekea kusini, na wenzao waliopewa uga wa mahali palipo umbali huo huo upande wa kusini wakaogelea kuelekea kaskazini. Hawakuwa wameondolewa pale walipokuwa hata hatua moja. Walichobadilishiwa ni ishara, nao waliisoma ile ishara kwa usahihi kamili.

Siri yake ni hii. Mistari ya sumaku ya dunia hailali sawasawa juu ya ardhi. Huku kwetu, kusini mwa ikweta ya sumaku, hutoka ardhini ikipanda, na kadiri mtu azidivyo kwenda kusini ndivyo izidivyo kusimama wima, hali nguvu zake nazo hubadilika kutoka mahali hata mahali. Maalimu wa majahazi ya zamani walipima kwa vidole kimo cha nyota ya kaskazini, ile ambayo Waarabu huiita Jah, wakajua wamefika kiasi gani kati ya kaskazini na kusini; kasa hupima mwinamo wa mistari ile, na hana haja ya kungoja mawingu yafunguke. Wala habari hizi si za Florida peke yake. Katika Mlango wa Msumbiji, majike waliokuwa wakitaga katika kisiwa cha Maore walichukuliwa kwa chombo hadi kilomita 100 na zaidi baharini, na baadhi yao wakafungwa sumaku kichwani. Wengi walirejea kisiwani, lakini wale waliovurugwa kwa sumaku walizunguka mno kabla ya kufika. Kurejea kwao kunaonyesha pia kwamba kasa hategemei hisi moja. Huko Ascension, katikati ya Atlantiki, kasa walioachiwa upande ule upepo unakoelekea baada ya kupita kisiwani walikipata upesi kuliko walioachiwa upande unakotoka, na dhana iliyo karibu ni kwamba upepo uliwaletea harufu.

Nimeyasimulia haya kwa kirefu ili nifike kwenye neno langu. Tumezoea kusema kwamba mnyama "amezoea mazingira yake", kana kwamba mazoea hayo ni mali yake, awezayo kuyachukua popote aendapo. Sivyo hata kidogo. Maarifa ya kasa ni mapatano baina yake na mahali: nusu imo kichwani mwake, na nusu ya pili imo katika mchanga, katika giza la miti, katika mawimbi na katika sumaku ya ardhi. Anayeigusa nusu hii ya pili ameyagusa maarifa ya mnyama mwenyewe, hata kama hakumtia mkono.

Tazameni taa. Nyumba ya wageni ikijengwa ufuoni na kuwashwa taa nyeupe zinazoangaza mchanga usiku kucha, mtoto wa kasa aliyetoka shimoni huona mwanga nyuma na giza mbele, akaifuata ile kanuni iliyowahifadhi wazazi wake kwa zaidi ya miaka milioni 100, nayo humpeleka bustanini na barabarani, akafa kwa jua la asubuhi. Watu husema amepotea. Mimi siwezi kukubali neno hilo, kwa kuwa hakukosea popote. Alilifanya lile hasa lililompasa, na ishara ndiyo iliyomdanganya.

Tazameni pia Maziwe, kisiwa kilicho nje ya Pangani, ambacho kilihesabiwa kuwa miongoni mwa mataga makubwa ya kasa katika Afrika ya Mashariki, kikafanywa hifadhi mwaka 1975. Mivinje yake ikaangushwa na mmomonyoko, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 palikuwa pamebaki fungu la mchanga linalofunikwa na maji makuu. Lakini kasa hukomaa kwa miaka 20, 30 au zaidi, na jike hurudi kutaga katika pande zile alikozaliwa. Kwa hiyo waliendelea kuja, wakataga mahali ambapo bahari ingeyazamisha mayai kabla hayajaanguliwa. Hisi zao zilikuwa timamu. Kisiwa ndicho kilichoondoka. Wakazi wa Ushongo, upande wa bara, wamekuwa wakiyatoa mayai hayo katika fungu la mchanga na kuyazika katika ufuo wao, kazi inayotaka haraka na mkono mpole, kwani kiini cha uhai kikiisha kujishikiza ndani ya ganda baada ya saa chache, yai likigeuzwa huweza kufa.

Na hapa pana jambo ambalo elimu yetu haina budi kulishughulikia. Kasa hana jinsia tangu kutungwa. Jinsia yake huamuliwa na joto la mchanga, likizidi nyuzi 29 hivi wakawa wengi majike, likipungua wakawa madume. Katika eneo la kaskazini la matumbawe makubwa ya Australia, uchunguzi wa mwaka 2018 ulikuta kwamba kati ya kasa wachanga watokao huko, 99 katika kila 100 walikuwa majike. Basi mtu ahamishaye mayai kutoka mchanga mmoja hadi mwingine, kutoka juani hadi kivulini au kinyume chake, anaamua pia, ajue asijue, ni madume wangapi watakaokuwako baharini miaka 30 ijayo. Hilo si la kumlaumu mtu wa Ushongo, ambaye asingalifanya vile mayai yangalikufa yote. Lakini vipimajoto vidogo vya kuzikwa pamoja na mayai vipo, navyo si ghali. Na ombi langu kwa chuo hiki ni kwamba viwekwe msimu huu, katika viota vya kivulini na vya juani, kutoka Kiunga hadi Mtwara, na kwamba watakaovisoma wawe wavuvi na wanafunzi kwa pamoja, ili mwaka ujao kila anayehamisha mayai ajue achague mchanga upi.