Mikaratusi Bondeni

Msikilizaji wa Kisii na Nyamira, hebu shuka bondeni ukaangalie chemchemi. Mikaratusi imefika hadi ukingoni, na pale mama alipokuwa akijaza mtungi upesi, sasa anakinga kwa kikombe. Mti huu hukua haraka na hunywa maji mwaka mzima. Simlaumu mkulima: shamba ni dogo, viwanda vya chai vinanunua kuni, karo nayo inadaiwa. Lakini Mto Gucha huanzia Nyamira, hupita Kisii hadi Migori na Ziwa Victoria. Walio chini ya mto nao wanayanywa maji hayo. Kanuni za maji zinataka ukingo uachwe, mita 6 hadi 30. Mikaratusi ipandwe juu, palipo pakavu. Kando ya maji, panda mianzi. Mikaratusi iliyo ukingoni ikatwe; kisiki kikichipua, kata machipukizi mpaka kife.